Vyumba vya Wanafunzi Kakamega: Hesabu Miezi Minane, Si Kumi na Miwili



Mwalimu mmoja wa Kwale anayekaribia kustaafu aliniuliza swali wiki chache zilizopita, na juzi mama mmoja mwenye biashara yake pale Marikiti akaniuliza lile lile. Ana milioni moja na nusu. Ardhi ya Mombasa hawezi kuigusa kwa bei ya leo, na penye bei nafuu hati zenyewe ni kitendawili. Ameambiwa kwamba huko bara, kwenye miji ya vyuo vikuu, vyumba vya kupangisha wanafunzi vinalipa vizuri, na benki iko tayari kumwongezea milioni moja na nusu nyingine. Je, akope ajenge?

Nimelijibu kwa simu mara mbili, nikaona niliandike, kwa sababu swali hili nina deni nalo. Mume wa dadangu alijenga vyumba kama hivyo Kakamega, na hesabu aliyopelekea benki niliifanya mimi, kwa mkono wangu na kwa diploma yangu ya uhasibu. Haikuwa na kosa la kujumlisha wala kutoa, na bado ilikuwa hesabu mbaya.

Shemeji ni mtu wa Mumias, Muislamu wa kuzaliwa. Wenzetu wengine hushangaa kusikia kuna Uislamu wa zamani upande ule. Misafara ya biashara kutoka Pwani ilikuwa ikifika kwa Nabongo tangu karne ya kumi na tisa, zama za Shiundu na mwanawe Mumia, na mji wa Mumias ulikuwa makao ya serikali ya kikoloni kabla hayajahamishiwa Kakamega. Shemeji alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi. Alipokaribia kustaafu akanunua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Lurambi, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kile kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007 na ambacho utakikuta kando ya barabara ya kwenda Webuye. Ukitembea Lurambi au Kefinco (jina hilo lilibaki tangu mradi wa maji wa Kenya na Finland) utaona vyumba vimesimama pande zote, vingine havijapakwa rangi na tayari vina mapazia. Yeyote angeona hivyo angesema hapa pana pesa.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Nitatumia tarakimu zilizokaribiana ili msomaji afuate kwa urahisi. Vyumba 12 vya bedsita, kila kimoja na choo chake na pahali pa kupikia. Kujenga, shilingi 3,000,000 bila ya bei ya ardhi. Nusu akiba yake, nusu mkopo wa benki wa 1,500,000 kwa asilimia 14 kwa miaka 5, ambao unataka marejesho ya karibu 34,900 kila mwezi, yaani 418,800 kwa mwaka. Kodi ya chumba 4,500. Vyumba 12 vinaleta 54,000 kwa mwezi, na ukizidisha kwa miezi 12 unapata 648,000. Toa marejesho, anabakiwa na 229,200 kila mwaka mfukoni, na baada ya miaka 5 nyumba ni yake tupu. Tulisherehekea kwa biriani.

Kosa limo kwenye ile 12 ya mwisho. Mwanafunzi hakai Kakamega miezi 12. Anaingia Septemba, anakwenda nyumbani Disemba, anarudi Januari, na ikifika Mei anafungasha godoro na meko yake na kuondoka hadi Septemba. Miezi minne mtaa mzima unanyamaza. Wachache hubaki kwa mafunzo ya kazini au kurudia mitihani, wengine hukubali kulipa nusu kodi ili wasipoteze chumba, lakini walio wengi hawalipi kitu, na ukiwalazimisha watahamia kwa jirani ambaye hawalazimishi.

Basi tuirudie hesabu kwa haki. Miezi 8 vyumba vyote vimejaa, hiyo ni 432,000. Miezi 4 ya likizo vyumba vinne tu vina watu, hiyo ni 72,000. Jumla 504,000. Sasa toa mambo ambayo sikuyaweka kabisa mara ya kwanza. Keateka wa kufagia, kufungua maji na kuamua ugomvi, tuseme 6,000 kwa mwezi, ni 72,000. Ushuru wa mapato ya kodi, asilimia 7.5 ya kila kilichoingia, ni 37,800. Rangi, mabomba, taa za nje, gari la kunyonya maji taka, ada za kaunti, weka 50,000 na ushukuru ikitosha. Kinachobaki ni 344,200. Benki inataka 418,800. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa imtie mfukoni 229,200 kila mwaka, inamtaka yeye aongeze 74,600 kutoka kwingine. Wala sijaingiza mpangaji anayetoroka usiku akiwa na deni la miezi miwili.

Shemeji aliongeza, mwaka wa kwanza kwa kiinua mgongo chake, na mwaka wa pili kwa kuuza gari. Halafu Machi 15, 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza masomo yasimame kwa sababu ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 kuwaondoa wanafunzi. Kwa siku tano vyumba 12 vikawa vitupu, na havikuwa vyake peke yake. Ilikuwa Lurambi nzima. Benki Kuu iliruhusu mabenki kuwapangia upya wateja ratiba za mikopo na shemeji akapata ahueni ya kulipa. Lakini ahueni ile haikuwa msamaha, na faida ya benki iliendelea kupanda wakati vyumba vinaota ukungu. Dadangu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mumewe alikuwa haamki kwenda alfajiri msikitini kwa sababu alikuwa hajalala.

Sisemi haya ili mtu asijenge. Nasema ili ajue kwamba mwekezaji mdogo hafilisiki kwa kujenga. Anafilisika katika ile miezi ambayo kodi haiji na marejesho yanakuja. Mwenye majumba hamsini katika miji mitano huufunika mtaa mmoja kwa mwingine. Wewe mwenye nyumba moja huna cha kufunikia isipokuwa akiba yako.

Mumias yenyewe ni ushahidi ulio karibu. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na watu wakajenga nyumba za kupangisha wafanyakazi, madereva wa trela na wauzaji wao. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Nyumba hazikubomoka, ila waliokuwa wakizilipia walipungua. Mji unaotegemea mlipaji mmoja, awe kiwanda au chuo, ukiutazama kwa macho ya mwenye nyumba ni mpangaji mmoja tu mwenye funguo nyingi.

Sasa, fedha zitoke wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapoponyoka.

Mkopo wa shemeji ulikuwa wa benki ya kawaida. Tulijua ni riba, tukajipa visingizio, na hilo ni langu na lake mbele ya Mola. Wakati ule njia nyingine zilikuwepo nasi hatukuzibishia hodi. Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango mwaka 2008, na hii ya pili tangu 2023 inaitwa Premier Bank. Baadhi ya benki kubwa nazo zina madirisha yao, kama KCB Sahl na La Riba ya Absa. Katika mpango wanaouita musharaka inayopungua, wewe na benki mnamiliki jengo pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande cha sehemu hiyo mpaka iishe. Katika murabaha, benki inanunua saruji, mabati na nondo, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi utakayoilipa kidogo kidogo, na bei hiyo haipandi ukichelewa.

Nisiwadanganye lakini. Ukijumlisha utakacholipa mwisho, mara nyingi hutaona tofauti kubwa na benki ya kawaida, na mara nyingine njia ya halali ni ghali zaidi. Anayeiendea aiendee kwa ajili ya dini yake, asiiendee akitafuta mteremko. Na miezi ya kimya haijui kama fedha ni za riba au si za riba. Ratiba ya kulipa kila mwezi itakubana sawasawa. Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa wa benki, yoyote ile, kabla ya kiwango cha faida, ni hili: je, naweza kulipa kikubwa wakati wa muhula na kidogo wakati wa likizo? Wakulima wa miwa hupangiwa malipo kwa msimu wa mavuno. Mwenye vyumba vya wanafunzi naye ni mkulima wa aina yake. Akikwambia haiwezekani, basi angalau ujue mapema na uweke kando miezi minne ya marejesho kabla fundi hajachimba msingi.

Ushirika wa akiba na mikopo ni njia wanayoipenda sana walimu na wauguzi wa kule. Kwa kawaida unakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yako, kwa dhamana ya wenzako. Riba yake huwa nafuu kuliko ya benki nyingi lakini ni riba, na dhamana yake ni ndugu na marafiki. Ukishindwa, benki itachukua ploti, ila ushirika utachukua akiba ya mwenzako mnayekutana naye sokoni.

Na kuhusu benki kuchukua ploti, haifanyiki kwa siku moja kama watu wanavyoogopa. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja benki inaweza kukupa ilani ya maandishi, nawe una siku 90 za kurekebisha. Zikipita, ilani nyingine ya kuuza ya siku 40. Wengi huzitumia siku hizo kujificha na kuzima simu. Hizo ndizo siku za kwenda ofisini kwao na karatasi zako, au za kuuza mwenyewe kwa bei yako kabla dalali hajakuuzia kwa bei yake.

Ushauri niliompa yule mama wa Marikiti ni wa kizamani. Mababu zetu walijenga nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, wakapangisha chumba chumba, na hawakuanza na sita. Walianza na viwili wakakaa kimoja. Kwa milioni moja na nusu yake anaweza kujenga vyumba sita bila deni, msingi ukiachwa tayari kwa vingine sita. Vyumba sita bila deni vikilala miezi minne havimnyimi mtu usingizi. Ile nyumba ya 12, ingejengwa bila mkopo, ilikuwa inaacha 344,200 kwa mwaka, maana yake gharama ya ujenzi inarudi karibu na mwaka wa tisa. Si utajiri wa haraka. Anayekwambia vyumba vya wanafunzi vinarudisha fedha kwa miaka mitatu, mwombe akuonyeshe daftari la mwezi wa Julai.

Kuhusu ardhi yenyewe, Mpwani anakwenda bara na hofu isiyo sahihi. Sisi tumezoea nyumba bila ardhi. Kuta ni zako na udongo ni wa mwingine. Kule Kakamega aghalabu udongo ni wa mwenyewe, ila mwenyewe amefariki. Hati iko kwa jina la babu, anayekuuzia ni mjukuu mmoja kati ya kumi na tano, na mirathi haijawahi kufunguliwa. Mjukuu huyo anaweza kuwa mkweli kabisa, amekulia pale, majirani wote wanamjua, na bado hana uwezo wa kisheria kukuuzia hata shubiri moja mpaka mahakama itoe idhini ya mirathi. Fanya utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi. Hakikisha mke au mume wa muuzaji ametia sahihi. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha Bodi ya Ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na matumizi yake yabadilishwe rasmi kuwa ya makazi ya kupangisha kabla ya kujenga. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Watu husahau kuuweka kwenye hesabu, kisha huanza kukopa kabla hata ya kununua mfuko mmoja wa saruji.

Ujenzi nitaupita haraka, isipokuwa jambo moja. Fundi wetu wa Pwani anaogopa chumvi inayokula nondo na mabati. Kakamega adui ni mvua, inayonyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri na kwa radi. Shemeji alipeleka fundi wake wa Likoni akaweka paa lenye kingo fupi, na kuta za nyuma zikavimba mwaka wa kwanza. Tumia mafundi wa kule kule.

Kisha usimamizi, na ikiwa unakaa Mombasa jua kwamba kuna zaidi ya kilomita 800 kati yako na mpangaji wako. Kodi iingie moja kwa moja kwenye nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lako, keateka asiguse hata shilingi. Keateka wa kwanza wa shemeji alikuwa mpole, mcheshi, na kila likizo akipangisha vyumba "vitupu" kwa wageni wa harusi na mazishi. Aligunduliwa kwa bili ya maji: vyumba vitupu vilikuwa vikioga. Tangu hapo kila chumba kina mita yake ya maji na tokeni zake za stima, na keateka wa sasa anatuma picha za mita mwisho wa mwezi.

Amana anayoweka mpangaji akiingia si mapato. Neno lenyewe linasema ni amana. Iweke mbali, umrudishie akitoka kama hajavunja kitu. Wenye nyumba wengi Lurambi waliitumia kununulia mabati, na vyuo vilipofungwa 2020 wazazi wakaidai, hawakuwa nayo. Mkataba nao uandikwe, hata ukurasa mmoja, utaje kodi ya likizo ni kiasi gani. Ugomvi mwingi wa Mei hutokana na jambo ambalo halikusemwa Septemba.

Ushuru nao. Kama kodi yako yote kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, unalipa asilimia 7.5 ya kilichoingia, kabla ya kutoa gharama yoyote, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango kilikuwa 10 mpaka mwisho wa 2023. Mwezi usiopata kitu unalipa sufuri, lakini bado unatuma taarifa. Shemeji alinyamaza miezi ya korona akidhani hakuna cha kutangaza, na faini zikamkuta.

Ukiweka duka mbele ya ploti, jambo ambalo ni zuri kwa sababu duka halina likizo ndefu, fahamu kwamba umeingia sheria nyingine. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, analindwa na Sura ya 301. Humpandishii kodi wala humtoi bila ilani ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, naye anaweza kwenda kwenye baraza la kodi za biashara kukupinga. Mwandikie mkataba wa miaka mitano na mwezi mmoja, na masharti ya kupandisha kodi yawe ndani yake.

Shemeji hakuuza. Vyuo vilipoanza kurudi mwishoni mwa 2020, alivunja kuta nne, vyumba vinane vikawa nyumba nne za chumba kimoja na sebule, akabakisha bedsita nne za wanafunzi. Katika zile nne anakaa muuguzi wa hospitali kuu ya kaunti, mwalimu wa sekondari, na wafanyakazi wawili wa kaunti mmoja na familia yake. Kodi kwa jumla ilipungua kidogo kuliko ile ya vyumba 12 vilivyojaa. Ila inakuja Julai, na inakuja wahadhiri wakigoma. Mkopo alioukadiria kwa miaka mitano alimaliza kuulipa wa saba.

Juma lililopita alinipigia. Anataka kuongeza vyumba viwili juu ya tangi la maji, na kijana mmoja wa benki amemwandikia makadirio mazuri, kodi kwa mwezi mara 12. Nikamwambia anitumie hiyo karatasi kwanza.